Wall Street ya pili: adui kageuzwa babu

Nimeirudia Wall Street: Money Never Sleeps jumamosi iliyopita, ile ya 2010, na niseme mapema sikuwa na mpango wa kuiangalia tena maana nilishaapa, ila mpwa wangu yuko kwangu anasubiri chuo, na huyu mtoto (ana miaka 21 ila kwangu ni mtoto) ni mtu wa foreksi, ile ya kununua na kuuza hela za kigeni mtandaoni, simu mbili, chati zinapanda zinashuka mpaka saa nane usiku, na picha aliyoweka wasap sio yake, ni ya Gordon Gekko kavaa suti. Nkamuuliza unamjua huyo? Akasema anko huyo si ndo mwamba wa Wall Street, ule mtaa wa mabenki na hisa New York. Hajawahi kuona hata moja kati ya zile muvi mbili. Kamjulia kwenye vile vipande vya motivesheni, mzungu nywele zimelazwa na jeli anasema tamaa ni kitu kizuri, chini kuna ngoma inagonga, mwisho namba ya simu ya kujiunga na grupu la sigino, la kuambiwa nunua hiki uza kile.

Nkasema leo tunakaa hapa hapa, tunaanza ya kwanza tunaunganisha na ya pili, kesho ubadilishe picha au uiache ni juu yako. Dakika 126 za ya kwanza, 133 za ya pili, masaa manne na ushee, na umeme haukukatika hata mara moja, nayo ni habari.

Kwa ambao hawajaiona, Wall Street ya kwanza kaongoza Oliver Stone ikatoka desemba 1987, na soko la hisa la New York lilikuwa ndo limetoka kula mwereka tarehe 19 oktoba, siku moja tu Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za makampuni makubwa, ikadondoka asilimia 22.6, kwahiyo watu waliingia sinema vidonda bado vibichi. Bud Fox (Charlie Sheen) ni dalali mdogo wa hisa, kutwa nzima anawapigia simu watu asiowajua awauzie vitu wasivyovitaka, mshahara wote unaishia kwenye kodi na suti, mwisho wa mwezi anamkopa baba yake. Anamwinda Gekko (Michael Douglas), tajiri anayenunua makampuni na kuyachinja, anapiga simu ofisini kwake siku 59 mfululizo mpaka siku ya bethdei ya Gekko anatinga mwenyewe na boksi la sigara za Cuba. Akishaingia ndani anagundua jamaa hataki utaalam wake wa hisa, utaalam anao wa kutosha, anataka habari ambazo wengine hawajazipata. Na habari ya kwanza Bud anayoitoa ni aliyoisikia kwa baba yake mzazi wakiwa wanakunywa bia.

Baba mwenyewe, Carl, ni fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye kashirika kadogo kanaitwa Bluestar, na anayemwigiza ni Martin Sheen, baba wa kumzaa kabisa wa Charlie, kwahiyo wakigombana pale kwenye lifti unajisikia vibaya kama umekaa sebuleni kwa watu wakaanza kuvuana nguo mbele yako. Utamu wote wa muvi uko hapo. Kijana ana baba wawili, mmoja mikono ina grisi mwingine nywele zina jeli, achague. Stone mwenyewe baba yake alikuwa dalali wa hisa, na muvi kaitoa kwa kumbukumbu yake, ndo maana ina uchungu ambao huwezi kuuandika kwa kusoma magazeti.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza Morogoro, 96 au 97, kanda ya VHS ya kukodi kwenye maktaba ya video, imechakaa mpaka kwenye skrini inanyesha mistari. Marehemu mzee alikuwa fundi karakana ya reli, kingereza chake kiliishia kwenye vipuri, boliti, spana, breki, basi. Kakaa pembeni na chai yake hana habari na sisi. Ikafika ile sehemu Bud anaingia kwenye kikao cha mabenki na mawakili, anagundua Gekko hana mpango wa kuiendesha Bluestar hata mwezi, anataka auze ndege, auze mabanda watu wajenge nyumba, na kwenye mfuko wa pensheni ya wafanyakazi kuna ziada achote. Nkamtafsiria mzee kwa kifupi tu. Akaweka kikombe chini.

"Pensheni ya mafundi?"

Ndio baba.

"Na mtoto wa fundi ndo kawaleta hao?"

Ndio.

"Hebu rudisha."

Tukarudisha mara tatu. Mara ya tatu kanda ikamezwa na deki, tukaichomoa na uma wa wali, na siku ya pili tukalipa faini kwa mwenye maktaba. Toka hapo nyumbani kwetu mtu akimuuza ndugu yake tunamwita Badi, hata wajukuu wanalitumia hilo jina bila kujua lilikotoka.

Nimeyaeleza haya ili uelewe kwanini ya pili imenikera kiasi hiki. Ingekuwa muvi mbovu toka mwanzo mpaka mwisho ningeshaisahau miaka mingi tu. Hii inakera kwa sababu inaanza vizuri.

Mwaka 2001, Gekko, aliyefungwa kwa ule mchezo wake wa habari za ndani za hisa, anatoka jela baada ya miaka nane. Askari dirishani anamrudishia vitu vyake kimoja kimoja, leso ya hariri, saa, pete, kibanio cha dhahabu cha kubania noti ambacho hakina hata noti moja, na mwisho kabisa ile simu ya mkononi kubwa kama tofali la kuchoma, ile aliyokuwa anaongea nayo ufukweni alfajiri enzi zake. Sinema ilicheka mpaka basi pale. Anatoka getini na wafungwa wengine, gari refu jeusi linakuja, kila mtu anajua ni la kwake, linampita linamchukua kijana mwanamuziki wa rapu. Kabaki barabarani na begi lake, hakuna ndugu, hakuna mtoto, hakuna hata dalali wa kumuuliza shikamoo. Dakika tatu nne hivi, Douglas haongei karibu kitu chochote, uso tu unafanya kazi.

Hapo mpwa wangu akasema anko hii itakuwa kali kuliko ile. Nkanyamaza.

Na bado mzigo wenyewe upo, tena mzigo mkubwa kuliko wa 1987. Hadithi inarukia 2008, mwaka ambao mabenki ya Marekani yaliyokuwa yanagawa mikopo ya nyumba kwa watu wasio na uwezo wa kulipa yaliishiwa pumzi, Bear Stearns ikauzwa mwezi machi kwa dola 2 kwa hisa (baadaye wakaona aibu wakapandisha 10), Lehman Brothers ikafa tarehe 15 septemba, na serikali ikatenga dola bilioni 700 kuyaokoa mabenki. Muongozaji gani atalalamika hana stori? Stone kachukua Bear na Lehman kazikoroga zikawa benki moja ya kubuni inaitwa Keller Zabel, bosi wake mzee Louis Zabel (Frank Langella), na robo saa ya mwanzo ya huyu mzee ni ya kuangalia umesimama. Kuna kikao cha usiku benki kuu ya New York, mabosi wa mabenki wamekaa mezani kama kikao cha ukoo kinachogawana mali na marehemu bado anahema, wanamtajia Zabel bei ya benki yake, bei ya nyanya za jioni, na anayemkaba ni Bretton James (Josh Brolin) wa benki pinzani ambaye ana kisasi cha zamani. Asubuhi mzee anavaa suti yake vizuri, anashuka stesheni ya treni za chini ya ardhi, ananunua pakiti ya krispi kama mtu anayewahi kazini, anasimama ukingoni. Basi. Haonyeshwi akigongwa, na haihitajiki.

Kingine ambacho siwezi kukidhulumu ni Eli Wallach, kibabu cha miaka tisini na ushee, kamcheza mzee wa benki ambaye analikumbuka anguko la soko la 1929, halafu kila akiongea anapiga mluzi kama ndege mdogo. Mpwa wangu mpaka leo anaupiga akiwa bafuni.

Sasa baada ya hapo.

Steringi wetu wa safari hii ni Jake Moore (Shia LaBeouf), kijana wa mzee Zabel pale benki na mchumba wa Winnie (Carey Mulligan), binti wa Gekko ambaye hamsemeshi baba yake. Na tatizo la kwanza la hii muvi ni huyu Jake kukosa njaa. Bud tulimuona anahangaika, tukamuona anamfuata mtu kwa pikipiki mjini kujua anaenda kununua nini, tukamuona ananunua hisa kwenye kampuni ya usafi ili usiku aingie kwenye ofisi za mawakili kama mfagizi na kutoa kopi za mafaili, yaani ulikuwa unaona mwizi anavyojifunza kazi hatua kwa hatua na unamuombea asikamatwe halafu unajishtukia. Jake tunamkuta tayari ana nyumba nzuri, mchumba mzuri, pikipiki nzuri, na mwanzoni tu anapewa cheki ya bonasi ya dola milioni 1.45. Na roho yake nyeupe, anataka kuchangisha hela za kampuni inayotafuta umeme wa kuunganisha atomi kama jua linavyofanya. Sasa mtu kama huyu shetani atamjaribu na nini? Ndo maana muda mwingi anazunguka tu, anapanda lifti anashuka lifti, anagombana na huyu anapatana na yule, kuna mpaka mbio za pikipiki porini yeye na Bretton, mtu mzima bosi wa benki, benki zinaanguka nchi nzima nyie mnashindana pikipiki.

Na kuna sehemu moja inatuhusu sisi huku kwa namna ya ajabu. Jake anataka kulipa kisasi cha mzee wake, anavumisha kwamba visima vya mafuta vya hapa Afrika ambavyo benki ya Bretton imewekeza vinataka kutaifishwa na serikali. Simu mbili tatu, uvumi unaenea, benki inapoteza dola milioni 120, na badala ya kumpeleka polisi Bretton anafurahishwa na kipaji chake anampa kazi. Bara zima tumeingia kwenye muvi kama umbea. Hakuna mtu anayeuliza hivyo visima viko wapi, nani anachimba, nani anakaa pembeni yake, kinachotakiwa ni jina tu la mahali ambapo muamerika akiambiwa serikali imepora kitu ataamini bila kupiga simu. Sijui Stone alifanya makusudi au la, ila ni kitu cha kweli kuliko vingi humo ndani, hivyo ndivyo uvumi unavyofanya kazi, unauweka mbali ambapo hakuna atakayeenda kuangalia. Mpwa wangu wa foreksi hiyo alielewa haraka sana. Akasema hata grupu letu wanafanyaga hivyo. Nkamwambia rudia ulichosema. Akabadilisha mada.

Katikati ya hapo mtu akagonga dirisha, saa tano usiku, mimi nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapo mbele ya nyumba na watu wanajua ninapolala, anataka kutoa elfu kumi bodaboda imemuharibikia. Nkamhudumia kwa grili. Nilivyorudi Gekko yuko kwenye skrini anazungumzia hela, mpwa wangu kasema anko umekosa kidogo tu. Sijakosa kitu aisee.

Tuje kwa Gekko mwenyewe, maana ndo mtu alilipia tiketi kumuona. Kwenye nusu ya kwanza Stone anamtumia vizuri lakini kwa uchache kama mtu anayebana sukari. Kaandika kitabu, anahutubia wanafunzi chuoni, anawachekesha kuwaambia wao ni kizazi kisicho na kipato, kisicho na kazi, kisicho na mali, na kwamba ile tamaa aliyowahi kuisifia siku hizi ni halali kisheria. Kwenye nyumba ya kupanga kabandika ukutani mchoro wa bei ya vitunguu vya maua ya tulipu kule Uholanzi mwaka 1637, kitunguu kimoja bei ya nyumba kisha siku moja hakina thamani ya kitu, wale waliofuga kware 2013 wakabaki na matrei ya mayai hawana wa kumuuzia watamuelewa bila mkalimani. Kwenye sehemu hizi Douglas anang'aa. Unamuona kachoka, unamuona kazeeka, na bado humuamini, ni kama kumuona chui mzee kibaraza kwa jirani, kalala, lakini watoto huwaiti wacheze karibu.

Ila kila Gekko akitaka kuondoka na muvi, Stone anamvuta shati anarudi kwa Winnie analia. Mulligan ni muigizaji mzuri sina ugomvi naye, ila huyu Winnie kaandikwa kulia. Analia mgahawani, analia nyumbani, analia ngazini baba yake akimuelezea habari za kaka yake aliyekufa kwa madawa. Anaambiwa ni mwandishi wa mtandao wa kufichua maovu, anachukia hela kuliko kitu chochote, halafu mchumba aliyemchagua ni mtu wa Wall Street na kule Uswisi ana akaunti ya dola milioni 100 aliyoachiwa na baba yake. Muvi inaona hakuna cha ajabu hapo.

Na mbwembwe sasa. Majengo ya New York yanageuka chati ya hisa. Dominosi zinaanguka. Skrini inakatwa vipande vitatu watu wanaongea na simu. Na mapovu ya sabuni! Soko likipanda mpaka lipasuke wao wanaliita povu, sawa tumeelewa, lakini Stone haridhiki, anatuonyesha mtoto anapuliza mapovu ya sabuni bustanini, povu linapaa, kamera inalifuata povu angani, halafu baadaye tena mapovu, na mwisho wa muvi mapovu mengine. Ni kama mtu anakupigia methali halafu anakutafsiria halafu anakuchorea ubaoni. Ya kwanza ilikuwa na kompyuta za kijani na simu za waya na watu wanapiga kelele, ukawa unatoka jasho.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni kidogo, hakifiki dakika mbili. Kwenye hafla ya michango ya matajiri, Gekko anakutana na Bud Fox. Charlie Sheen yule yule. Kijana aliyekamatwa ofisini akatolewa na pingu analia mbele ya wenzake, aliyevaa kinasa sauti akamchoma Gekko kule bustani ya Central Park baada ya kula makofi kwenye mvua, aliyepandishwa ngazi za mahakama asubuhi na wazazi wake ndani ya gari, na baba yake akamwambia aache kuishi kwa kununua na kuuza jasho la wengine atengeneze kitu chake. Ndo huyo anaingia anatabasamu, warembo wawili huku na huku, anasema mambo safi, Bluestar aliinyanyua akaiuza, hela ipo. Wanataniana kidogo na Gekko kama watu waliosoma bweni moja. Anaenda zake.

Kaiuza! Shirika ambalo baba yake alilala hospitali kwa ajili yake. Na sikusikia mtu akimuulizia mzee Carl, hajambo, yuko hai, hakuna. Nilimkumbuka mzee wangu pale, niliangalia hata ile kona aliyokuwa anapenda kukaa akija kunitembelea. Ningetamani angekuwepo atukane kidogo.

Maana hilo ndo pengo la hii muvi, hakuna Carl. Kila anayeongea ni mtu wa hela, wabaya ni watu wa hela na wazuri ni watu wa hela wenye nia njema. Mwaka 2008 ule ule ambao mamilioni ya watu Marekani walikuwa wanapoteza nyumba, kwenye hii muvi mtu pekee tunayemuona mkopo wa nyumba umemkaba ni mama yake Jake (Susan Sarandon), nesi wa zamani aliyegeuka dalali wa nyumba, na Stone kamuweka kama kichekesho, kila akitokea anakuja kumkopa mwanae. Sarandon! Umempata Sarandon unampa kazi ya kuomba hela mlangoni.

Sasa mwisho, kama hujaiona na unataka kuiona ruka hii sehemu. Gekko anawazunguka. Anamshawishi Jake amwambie Winnie atie saini zile milioni 100 zitoke Uswisi ziende kwenye ile kampuni ya umeme wa kuunganisha atomi, hela zinapita mikononi mwake, hazifiki. Kapotea nazo. Tunamkuta London, suti mpya inapimwa, nywele zimelazwa tena na jeli, sigara mdomoni, kashazizalisha zile milioni mia zimevuka bilioni moja. Nilipiga kofi meza. Huyu ndo mwenyewe! Kaibia damu yake na hana kinyongo, Jake kamfuata anamletea habari kwamba Winnie ana mimba na picha ya ultrasaundi juu, arudishe hela apate mjukuu, jamaa anaangalia anakataa. Pale nilisahau mapikipiki na mapovu yote, nkasema Stone kumbe ulikuwa unatuchezea.

Ungekuwa wewe ungemalizia hapo. Mimi ningemalizia hapo. Fundi wa kukata kanda angekuwa na njaa na kuwahi daladala angemalizia hapo.

Zikapita dakika chache, Bretton kaumbuliwa kwenye mtandao wa Winnie, kapasua kwa hasira mchoro wake wa Goya, mchoraji wa zamani wa Hispania, sawa, halafu Jake na Winnie wanasimama barabarani New York usiku na nani anatokea? Babu. Kaja kwa miguu, sauti ya upole, kawaza sana, kaweka milioni 100 kwenye ule umeme wa atomi kwa jina la Winnie, samahanini, sisi sote ni binadamu. Wanabusiana. Kata. Bethdei ya mtoto kutimiza mwaka juu ya paa, keki, watu wanacheka, Gekko kambeba mjukuu, mapovu ya sabuni yanapaa.

Hapo ndo mpwa wangu akauliza lile swali: "Anko, kwahiyo huyu ni steringi au adui?"

Toka tuko watoto kwenye mabanda ya video swali hilo lilikuwa linajibiwa dakika tano za mwanzo, ukichelewa kuingia unamgonga wa pembeni bega anakwambia, steringi yule wa koti jeusi, adui ndo huyu mwenye kovu. Adui anaweza kuwa mtamu kuliko steringi, anaweza kuvaa vizuri kuliko steringi, lakini anabaki adui. Gekko alikuwa adui mtamu mpaka vijana wa Marekani wakaenda kutafuta kazi Wall Street kwa ajili yake, Douglas mwenyewe keshasimulia walivyokuwa wanamfuata kumwambia wewe ndo ulinifanya nikaingia kwenye hii biashara, na yeye anashangaa, jamani mimi si nilikuwa mtu mbaya mle. Kwahiyo Stone alikuwa na nafasi ya kujibu. Miaka 23 watu wameielewa vibaya ile hotuba yako ya tamaa ni nzuri, uchumi umeanguka, umerudi na muigizaji yule yule aliyechukua Oscar kwa nafasi ile, sema neno. Akaona bora ampe mjukuu.

Na hesabu yenyewe haipandi! Kaiba milioni 100 kazigeuza bilioni na ushee, karudisha mia, kabaki na bilioni, kapata na familia. Hiyo si toba mzee, hiyo ni biashara, tena nzuri. Ingekuwa muvi inajua inachofanya ingekuwa kejeli kali sana ya kumalizia, ila ukisikiliza ule muziki na ukiona watu wanavyocheka pale juu ya paa unaona kabisa wanataka tufurahi. Mpwa wangu aliitoa hiyo hesabu kabla yangu, kwa simu, na akasema riba yake ni kali.

Kwenye pesa haikufeli, ilikusanya kama dola milioni 134 dunia nzima na ya kwanza iliishia kama 43 na ushee kwa bei za enzi hizo. Mimi naipa 5 kwa 10, na katika hizo 3 ni za Douglas, moja ya Langella na ile pakiti ya krispi, moja ya mzee wa mluzi. Kama unayo kwenye flashi usiifute, ila fanya hivi, angalia mpaka London, Gekko akikataa ile picha zima, sema asante, kalale. Utakuwa umeangalia muvi ya kama 7.

Asubuhi nilivyoamka kufungua kibanda nkachungulia wasap ya mpwa wangu. Picha kabadilisha kweli. Kaweka Gekko wa London.